Kuongeza Mazoezi ya Pumzi katika Yoga: Mwalimu Aanzie Wapi?

Katika vyuo vya ualimu wako wanachuo waliozoea kutandika mikeka alfajiri na kufanya mazoezi ya yoga kabla ya kengele ya chai. Wengine walijifunza kwa rafiki, wengine kwa vitabu, na wengi wa siku hizi kwa picha za video zinazotazamwa katika simu. Aghalabu mazoezi yao huwa ni ya viungo tu: kuinama, kujinyoosha, kujipinda kiuno, kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Baada ya miezi michache mwili huzoea, na hapo ndipo huzuka swali linalotufikia mara kwa mara: mazoezi ya pumzi yaongezwe lini, na kwa njia gani? Swali la pili hufuata papo hapo, maana muulizaji ni mwalimu wa kesho. Je, mazoezi hayo yaweza kupelekwa darasani?

Tumeona inafaa kuyajibu maswali hayo pamoja, kwa kuwa majibu yake yana shina moja. Mguu wa mwanafunzi waweza kuamriwa kwa hesabu ya mwalimu. Pumzi yake haiwezi. Katika gwaride na mchakamchaka watoto mia hukanyaga chini kwa mpigo mmoja na hakuna anayeumia. Lakini vifua havina kipimo kimoja, na anayelazimishwa kupumua kwa kipimo cha mwenziwe hutaabika kimyakimya, mwalimu asijue. Mambo yote tutakayoeleza hapa, ya mkekani na ya darasani, yanatokana na tofauti hiyo.

Mpangilio wa wenye yoga wenyewe

Yoga ni elimu ya kale ya Bara Hindi. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, nalo latokana na shina lenye maana ya kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili wafungwavyo nira moja. Katika mafunzo yanayojulikana kwa jina la Patanjali yoga ina viungo vinane. Viwili vya kwanza ni maadili ya mtu kwa wenziwe na kwa nafsi yake. Cha tatu ni asana, yaani mikao ya mwili, na cha nne ni pranayama, yaani mazoezi ya pumzi. Mafunzo hayo hayakuishia kuvitaja kwa mfuatano tu. Yaeleza wazi kwamba pranayama huja baada ya mkao kuwa imara na wa raha. Anayetetemeka magoti na kuumwa mgongo hana nafasi ya kuiangalia pumzi yake.

Prana ni pumzi, pumzi ile iliyo uhai. Ayama ni kurefusha au kutandaza. Msemaji wa Kiswahili hapati shida kuielewa fikira hiyo, maana katika lugha yetu kupumua, pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja, na mtu aliyeokoka na jambo zito husemwa kwamba ameshusha pumzi. Angalia kwamba tunasema ameshusha, hatusemi amevuta. Tutalirudia jambo hilo.

Kitabu kingine mashuhuri, Hatha Yoga Pradipika cha Svatmarama, kilichoandikwa yapata karne ya 15, kinatumia sura yake ya pili kuieleza pumzi. Humo mwandishi anafananisha kuizoeza pumzi na kufuga simba, tembo au chui-milia: mnyama wa namna hiyo hufugwa polepole, na mwenye pupa huangamizwa naye. Wanachuo wetu hulicheka fananisho hilo wanapolisikia mara ya kwanza. Tutaona hivi punde kwamba lina ukweli wake, hata kwa mizani ya sayansi ya leo.

Katika karne ya 20 wataalamu wa India walianza kuitazama elimu hiyo kwa macho mapya. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha huko Lonavla, kati ya Mumbai na Pune, taasisi iitwayo Kaivalyadhama, na mwaka huohuo jarida liitwalo Yoga Mimamsa, ili mikao na pumzi vipimwe kwa vyombo vya maabara badala ya kusifiwa kwa maneno matupu. Katika miaka ya 1930 T. Krishnamacharya alifundisha vijana katika jumba la mfalme wa Mysore. Mmoja wa wanafunzi wake, B.K.S. Iyengar (1918-2014), alitoa mwaka 1966 kitabu kilichoenea duniani kote, Light on Yoga. Mwalimu na aupime mpangilio wa kitabu hicho kama apimavyo azimio la kazi: mikao yapata 200 inatangulia, na pumzi inakuja mwishoni. Kitabu alichokitenga kwa ajili ya pumzi peke yake, Light on Pranayama, alikitoa mwaka 1981, miaka 15 baadaye. Hatusemi kwamba msomaji angoje miaka 15. Tunasema tu kwamba mabingwa hawakuwa na haraka.

Yanayotukia kifuani

Mwalimu wa sayansi amekwisha kuwafundisha kwamba mapafu hayana misuli ya kujipanua yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mbavu, na zaidi na kiwambo, yaani msuli mpana uliotandazwa kama paa kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kikijikaza hushuka, kifua kikapata nafasi, hewa ikaingia. Kikilegea hupanda, na hewa ikatoka. Kwa mtu aliyetulia, kutoa pumzi hakuhitaji nguvu yoyote. Ni kulegea tu. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huingiza karibu nusu lita ya hewa. Mtoto wa shule ya msingi hupumua haraka zaidi, mara 18 hadi 25 hivi, na kila pumzi yake ni ndogo kuliko yetu. Kwa hiyo hata kabla ya kuzungumzia ugonjwa au hofu, mwalimu anayewahesabia watoto kwa kipimo cha pumzi yake mwenyewe amekwisha kukosea hesabu.

Lipo jaribio dogo ambalo kila msomaji aweza kulifanya sasa hivi. Kaa kimya dakika tano. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono mpaka uyasikie mapigo. Kisha vuta pumzi polepole kwa pua, ukaitoe polepole. Vijana wengi huyahisi mapigo yakienda kasi kidogo hewa inapoingia, na kupungua kasi hewa inapotoka. Moyo na pumzi vimeunganishwa na mishipa ya fahamu, na utulivu hukaa zaidi upande wa kutoa. Ndiyo maana Mswahili aliyefarijika hushusha pumzi. Na ndiyo maana tunashauri kwamba anayeongeza mazoezi ya pumzi aanze kwa kurefusha utoaji, wala asianze kwa kujaza kifua kama mtu anayetaka kupigwa picha.

Upande wa pili wa jambo hili ndio wenye hatari, nao haujulikani na wengi. Watu hudhani kwamba hamu ya kuvuta pumzi husababishwa na kupungukiwa na oksijeni. La hasha. Kinachotuamuru kupumua ni hasa kuongezeka kwa hewa ukaa katika damu. Mtu akihema kwa nguvu na kwa kasi hali amekaa tu, huitoa hewa ukaa kupita kiasi. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi, vidole na midomo ikaingia ganzi, na macho yakaona nyota. Tumewahi kuambiwa na kijana mmoja, kwa furaha kubwa, kwamba kwa siku tatu tu za kuhema alfajiri amefikia daraja ya juu ya yoga. Alikuwa amefikia kizunguzungu.

Kwa mwanachuo mwenyewe kizunguzungu hicho hupita akipumua kama kawaida yake. Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Watoto wa pwani na wa kando ya maziwa yetu hushindana kupiga mbizi. Mtoto akihema kwa kasi kabla ya kuzama, hewa ukaa hupungua mwilini mwake, na ile kengele inayomwamuru atoke majini huchelewa kulia. Oksijeni yaweza kumwishia kabla kengele haijalia, naye huzimia chini ya maji bila kutapatapa, wenzake wakidhani angali anashinda. Mwalimu anayewafundisha watoto kuhema kwa kasi na kuzuia pumzi, hata kama ni mbali na maji na kwa nia njema, amewapa ujuzi ambao hawezi kujua wataupeleka wapi baada ya kengele ya saa nane. Kwa sababu hiyo, kapalabhati na bhastrika, ambayo ni mazoezi ya kupumua kwa nguvu na kwa kasi, pamoja na kila zoezi la kuzuia pumzi, hayana nafasi katika shule ya msingi. Wala hatuyapendekezi kwa mwanachuo anayejifundisha peke yake kwa simu.

Hatua za mwanachuo mkekani

Tuseme sasa kwamba unafanya mikao mara tatu au nne kwa wiki, na umekwisha kuizoea kiasi cha kutotazama kitabu. Katika wiki mbili za kwanza usiongeze chochote. Mwisho wa mazoezi, ulalapo chali katika ule mkao ambao Wahindi huuita wa maiti, weka mkono mmoja juu ya tumbo na mwingine juu ya kifua. Angalia ni mkono upi unaoinuka. Hesabu pumzi zako kwa dakika moja bila kujaribu kuzibadili, kisha andika idadi katika daftari pamoja na tarehe. Utagundua kwamba pumzi hubadilika pindi tu inapotazamwa. Usijali, endelea kutazama. Daftari hilo litakufaa zaidi ya maelezo yetu yote, kwa sababu ndilo litakalokujulisha kipimo chako mwenyewe.

Baadaye uunganishe pumzi na mwendo. Kanuni ni nyepesi: mwili unapofunguka, vuta, unapojikunja, toa. Mikono ikipanda juu ya kichwa, hewa inaingia. Ukiinama kugusa vidole vya miguu, hewa inatoka. Wengi huikosea kwa kutanguliza mwendo na kuikokota pumzi nyuma yake. Pumzi ndiyo itangulie, mwendo uifuate, na vyote viishe pamoja. Ikiwa pumzi imekwisha kabla hujafika chini, simama hapohapo ulipofika. Hakuna anayekusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya tatu ndiyo kiini, nayo tungependa mwanachuo akae nayo mwezi mzima au zaidi. Baada ya mikao kaa kitako juu ya mkeka, miguu umeikunja, au juu ya kiti cha kawaida ikiwa magoti yanauma. Mgongo uwe wima lakini usiwe mgumu. Vuta pumzi kwa pua kama kawaida yako, kisha itoe kwa pua polepole zaidi kidogo kuliko ulivyoivuta. Ikiwa uvutaji ulichukua muda wa kuhesabu tatu, utoaji uchukue nne. Baada ya wiki kadhaa huenda ukafika tano au sita. Hapa hesabu inaruhusiwa, kwa kuwa ni yako na inafuata kifua chako. Alama ya kupita kiasi ni moja, nayo haidanganyi: ukijikuta unainyakua pumzi inayofuata, umerefusha mno. Rudi nyuma hesabu moja. Dakika tano zatosha.

Faida ya hatua hii kwa mwalimu si ya mkekani tu. Tunasema kwa pumzi inayotoka. Sauti yote ya somo, tangu salamu hadi kazi ya nyumbani, huchukuliwa na hewa inayotoka kifuani. Mwalimu mgeni mbele ya watoto 70 huinua mabega, hujaza kifua cha juu, na husukuma sentensi ndefu kwa pumzi fupi; ifikapo siku ya Alhamisi sauti imekauka. Aliyezoea kutoa pumzi polepole hujua mahali pa kukata sentensi. Wasomaji waliopita madrasa walilijifunza jambo hili wakiwa wadogo, maana msomaji wa Kurani hufundishwa mahali pa kusimama na mahali pasipofaa kusimama. Na waimbaji wa kwaya nao hupewa alama za kuvuta pumzi katika wimbo.

Kwa kuwa tumegusa mambo ya ibada, tuutaje uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2001 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Watafiti walioongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia maneno ya yoga. Katika hali zote mbili upumuaji ulipungua hadi kiasi cha mara sita kwa dakika, na mwendo wa moyo ukalingana nao. Hivyo pumzi ndefu na tulivu si mali ya dini moja wala ya taifa moja, ingawa Wahindi ndio walioipangia mafunzo marefu kuliko wengine.

Baada ya hapo waweza kuongeza mazoezi mawili. La kwanza huitwa nadi shodhana. Kwa mkono wa kulia ziba tundu la pua la kulia kwa kidole gumba, vuta kwa la kushoto. Ziba la kushoto kwa kidole cha pete, fungua la kulia, toa. Vuta kwa hilohilo la kulia, liziba, toa kwa la kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya mitano au sita, bila kuzuia pumzi katikati, na bila kubana pua kama anayepita jalalani. Wenye mafua na waache mpaka wapone. La pili ni bhramari, yaani zoezi la nyuki: vuta kwa pua, funga midomo, toa huku ukivuma mmm mpaka pumzi iishe yenyewe. Tutaliona tena darasani.

Mambo ya wakati hayana maneno mengi. Usifanye tumbo likiwa limejaa. Baada ya chakula kizito ngoja saa tatu hivi. Anayefunga aishie kwenye hatua ya tatu. Wajawazito, wenye shinikizo la damu, wenye maradhi ya moyo au kifafa, na waliopasuliwa karibuni, wamwulize mganga wa zahanati kwanza. Mwenye pumu aweza kufanya mazoezi ya upole, dawa yake ikiwa karibu. Na wapo watu wazima wenye afya kamili ambao, wakiitazama pumzi yao, hupatwa na wasiwasi badala ya utulivu. Hao si wadhaifu. Na warudie mikao yao, waiache pumzi ijiendee.

Kutoka mkekani hadi darasani

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tuliwahi kumtazama mwalimu mwanafunzi aliyetaka kulituliza darasa la nne baada ya mapumziko. Alikuwa na sauti nzuri ya kuamrisha. Aliwasimamisha watoto wote, akahesabu nne za kuvuta, nne za kuzuia, nne za kutoa, akigonga meza kwa rula. Mzunguko wa kwanza ulipendeza. Katika wa tatu mabega ya safu ya mbele yalikuwa yamepanda hadi masikioni, kijana mmoja nyuma alikuwa akiiba pumzi pembeni ya mdomo, na msichana mmoja alianza kikohozi kisichokatika. Baadaye tuliambiwa na mwalimu wa darasa kwamba ana pumu. Darasa lilikuwa kimya kabisa, na katika andalio la somo sehemu ya tathmini ilisomeka kwamba zoezi limefaulu.

Msomaji asidhani kwamba kijana huyo alikuwa mvivu au mkatili. Alikuwa ameandaa kazi yake kwa bidii. Alichokosa ni kutambua kwamba ukimya wa darasa haumwambii mwalimu lolote kuhusu pumzi. Katika hesabu, mtoto aliyekosa huonekana daftarini. Katika pumzi, mtoto anayekosa hewa hujitahidi kuficha, kwa sababu mwalimu amesimama mbele na rula.

Njia tunayoipendekeza huondoa hesabu ya mwalimu na kuweka mahali pake kitu ambacho mtoto mwenyewe aweza kukiona au kukisikia. Zana moja ya bei nafuu ni unyoya wa kuku. Kila mtoto hushika wake mbele ya midomo, kiasi cha upana wa kiganja, na kazi yake ni kutoa pumzi polepole kiasi kwamba unyoya utikisike lakini usilale. Unyoya ukilala amesukuma mno; usipotikisika hakuna hewa. Mtoto husahihishwa na unyoya wake, wala haitaji macho ya mwalimu, na mwalimu hupata nafasi ya kupita kati ya madawati akitazama mabega na nyuso. Penye uhaba wa manyoya, ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari kuukuu watosha.

Kwa madarasa makubwa zoezi la nyuki lafaa zaidi ya yote. Maagizo yawe machache: vuteni kwa pua, vumeni, atakayeishiwa na pumzi na avute tena, akae kimya awasikilize wenzake. Mvumo wa watoto 70 huanza kwa pamoja, lakini haukatiki kwa pamoja. Hufifia mmoja mmoja, kama mvua inavyokatika juu ya bati, mpaka wabaki watatu, kisha mmoja. Mwalimu mwenye masikio husikia hapo, kwa muda usiozidi nusu dakika, kwamba vipimo vya vifua vya watoto wake ni vingi kama watoto wenyewe. Mizunguko mitatu yatosha, nayo haichukui dakika mbili.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Watoto hupenda kushindana, na katika mzunguko wa pili wataanza kuvuma hadi wageuke rangi ili wabaki wa mwisho. Usimsifu aliyebaki wa mwisho. Usimtazame hata kumtazama. Ukisema neno moja tu la sifa umegeuza zoezi la kutulia kuwa mbio, na umekwisha kuwafundisha kulazimisha pumzi. Tunawashauri walimu wanafunzi wasifu kitu kingine, kwa mfano namna safu fulani ilivyokaa kimya kusikiliza mvumo wa wenzao ukiisha.

Wala msiwalazimishe watoto kufumba macho. Wapo ambao giza huwatia hofu, kwa sababu zao za nyumbani ambazo mwalimu mgeni hazijui. Waambieni watazame chini, kila mtu juu ya dawati lake. Atakayechagua kuketi tu bila kufanya zoezi na aachwe aketi. Baada ya siku chache wengi wao hujiunga wenyewe.

Kabla ya haya yote, mwalimu mwanafunzi amwombe ruhusa mwalimu mkuu na amwulize mwalimu wa darasa ni watoto gani wenye pumu, kifafa au maradhi ya moyo. Huenda pia mzazi akauliza kama mtoto wake anafundishwa dini ya kigeni. Hilo ni swali la haki, na halijibiwi kwa dharau wala kwa kicheko. Mwalimu aeleze zoezi kwa kazi yake: kwamba watoto wanavuma kwa pumzi ndefu ili watulie kabla ya somo la kusoma. Maneno ya Kisanskriti hayana kazi darasani, na mafunzo ya kiroho ya yoga si ya mwalimu wa shule ya msingi kuyagawa. Mzazi asiporidhika, mtoto wake asilazimishwe.

Limebaki la mahali. Katika shule nyingi watoto hufagia madarasa asubuhi, na vumbi huning'inia hewani muda mrefu baada ya mifagio kuwekwa. Kuwaambia wakati huo wavute pumzi ndefu ni kuwaambia wavute sakafu. Zoezi lifanywe baada ya mapumziko, madirisha yakiwa wazi, au nje chini ya mti upande usioelekea jikoni mwa shule. Na siku za kiangazi sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, kazi ambayo kiranja wa usafi akielezwa sababu yake huifanya bila kukumbushwa.